Tarehe 5 Februari ina wenyewe wengi

Ikikaribia tarehe 5 Februari, ubao wa matangazo wa shule na kipindi cha asubuhi cha redio huwa na mstari uleule: siku kama ya leo, mwaka 1977, CCM ilizaliwa. Ni kweli. Ila kwa aliyeko Kigoma tarehe hiyo ina wenyewe wengine, tena wa karibu kabisa. Meli ya Liemba ilishushwa majini hapahapa tarehe 5 Februari 1915, ikiwa bado na jina la Kijerumani. Ng'ambo ya mpaka wa Manyovu, Warundi hufunga ofisi kwa Siku ya Umoja wao. Kanisani ni sikukuu ya Mtakatifu Agatha. Na vijana wa vijiweni hawahitaji kukumbushwa kwamba Cristiano Ronaldo alizaliwa siku hiyo mwaka 1985, na Neymar siku hiyohiyo mwaka 1992.

Kuyapanga hayo yote chini ya tarehe moja hakumshindi mtu. Kinachowashinda wengi ni kueleza kila moja limefikaje hapo. Kuna jambo lililoiangukia tarehe hiyo kwa bahati tu, kuna lililowekwa hapo na watu waliokaa kikao wakafungua kalenda, na kuna lililostahili kuwa hapo likahamishiwa kesho yake kwa sababu kiti kilishakaliwa. Ukiyasoma yote kwa sauti moja, msikilizaji anaondoka akidhani tarehe yenyewe ina nyota.

Tuanze na vyama, maana hapo mkono wa binadamu unaonekana wazi. Afro-Shirazi Party (ASP) inahesabu kuzaliwa kwake tarehe 5 Februari 1957, pale African Association na Shirazi Association za Zanzibar zilipoungana. Miaka 10 baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. TANU, chama cha Tanganyika, na ASP zilipoamua kuungana, tarehe iliyowekwa ikawa 5 Februari 1977: ASP inatimiza miaka 20, Azimio linatimiza 10. Hakuna cha kushangaa hapo. Chama kipya kiliwekwa juu ya tarehe ambayo tayari ilikuwa na uzito pande zote mbili za Muungano. Serikali na vyama vya nchi nyingi hufanya hivyo. Mexico walitia saini katiba yao tarehe 5 Februari 1857, na ilipoandikwa mpya wakaitangaza tarehe 5 Februari 1917. Kwa hiyo ukikuta mambo mawili ya siasa ya nchi moja yamekaa kwenye tarehe moja, shuku kwanza kwamba la pili lililifuata la kwanza kwa makusudi.

Hapohapo kwenye Azimio kuna kosa linalorudiwa kila mwaka, hata na watu wazima wanaojua historia yao: kuandika kwamba Azimio "lilipitishwa" tarehe 5 Februari. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na ndiko lilikopitishwa. Tarehe 5 Februari lilitangazwa kwa wananchi. Ilikuwa Jumapili. Kesho yake, Jumatatu tarehe 6, ikatangazwa kutaifishwa kwa mabenki. Anayeandika "tarehe 5 Februari mabenki yalitaifishwa" ameyakusanya mambo ya siku mbili kwenye siku moja. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar una mtego huohuo: Hati za Muungano zilitiwa saini tarehe 22 Aprili 1964, lakini sikukuu ni tarehe 26. Kutia saini, kupitisha, kutangaza na kuanza kutumika ni matendo manne, na mara nyingi yana tarehe nne.

Ndiyo maana mstari wa historia usiandikwe bila kitenzi chake. "1967: Azimio la Arusha" haujasema kitu. "1967: Azimio la Arusha latangazwa" umesema, na anayetaka kuuhakiki anajua atafute nini.

Meli ndiyo mfano mzuri kuliko yote, kwa sababu haina siku moja ya kuzaliwa. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, kwenye karakana ya Meyer, mwaka 1913. Haikuja ikielea. Ilifunguliwa vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa huku kwa reli ya kati, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka 1914. Mafundi wakaiunganisha upya ufukweni. Tarehe 5 Februari 1915, siku ya Ijumaa, ikashushwa majini kwa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906. Kuingia kazini ilikuwa Juni mwaka huohuo. Mwaka mmoja baadaye vita ikawageuka Wajerumani, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha wenyewe isije ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nene, na hiyo ni sehemu ya sababu iliyofanya ikubali kufanya kazi tena. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakaikarabati, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba.

Sasa niambie, "siku ya kuzaliwa" kwa Liemba ni ipi? Ukisema 1913 uko sawa kwa upande wa kiwanda. Ukisema Februari 1915 uko sawa kwa upande wa maji. Ukisema Mei 1927 uko sawa kwa upande wa jina. Mabishano mengi ya pale bandarini kuhusu umri wa meli hii si ya mtu mmoja kujua na mwingine kutojua: kila mmoja anahesabu tendo lake. Mimi naona tarehe ya kushushwa majini ndiyo ya kuadhimisha, maana ndiyo siku meli ilipoligusa ziwa letu, lakini lazima maneno "yashushwa majini" yawepo ubaoni.

Je, kuna uhusiano kati ya Liemba ya 1915 na vyama vya 1957 na 1977? Hakuna hata kidogo. Hiyo ndiyo bahati tupu, na inafaa isemwe kuwa ni bahati. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi bahati ya namna hiyo ilivyo ya kawaida achukue darasa lake. Kwenye kundi la watu 23 tu, uwezekano wa kuwapo angalau wawili waliozaliwa tarehe moja unavuka nusu. Kwenye darasa la wanafunzi 45 unafika kama asilimia 94. Lakini ukitaka kumpata mtu aliyezaliwa tarehe yako wewe hasa, unahitaji watu 253 ndipo uvuke nusu. Watu huchanganya maswali hayo mawili, halafu wanashangaa. Tahadhari moja kwa mkoa wetu: usifanye zoezi hilo kwa kutumia daftari la usajili bila kulitazama kwanza. Mtu asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa mara nyingi huandikiwa 1 Januari, na kwa walioandikishwa ukimbizini ndivyo ilivyo hasa. Ukihesabu na hao, 1 Januari itajaa kupita kiasi na hesabu yote itapinda.

Kiti kilichokaliwa

Kanisa Katoliki lina njia yake ya kutatua tarehe zinazogongana, na tarehe 5 Februari inaionyesha vizuri. Agatha, bikira na mfiadini wa Catania kule Sicilia, aliuawa karne ya 3 na sikukuu yake imekaa tarehe 5 tangu zamani sana. Tarehe 5 Februari 1597 wakauawa Wakristo 26 msalabani huko Nagasaki, Japani, Paulo Miki akiwa mmoja wao. Kwa kawaida mfiadini hukumbukwa siku aliyokufa. Lakini siku hiyo ilikuwa na mwenyewe, basi Paulo Miki na wenzake wanakumbukwa tarehe 6. Kwa hiyo ubao wa kigango ukiandika "6 Februari: walikufa mashahidi wa Nagasaki" umekosea kwa siku moja, na ukiandika "6 Februari: kumbukumbu ya mashahidi wa Nagasaki" uko sawa. Tofauti ni neno moja tu.

Agatha hukimbiliwa na wagonjwa wa saratani ya matiti. Siku ya Saratani Duniani ni tarehe 4 Februari, jirani kabisa. Wapo wanaozileta pamoja kwenye tangazo moja la kupima afya, na sioni ubaya, mradi wasiseme moja ilitoka kwa nyingine.

Halafu kuna sikukuu zisizokaa mahali pamoja, zinazopita tarehe 5 Februari mara mojamoja. Jumatano ya Majivu inaweza kuiangukia, lakini ni nadra: Pasaka lazima iwe tarehe 23 Machi katika mwaka mfupi (wa siku 365), au 22 Machi katika mwaka mrefu (wa siku 366). Ilitokea 1913. Siku ya Intaneti Salama huwa Jumanne ya mapema Februari, nayo mwaka 2019 ikaangukia tarehe 5, siku ileile ya Mwaka Mpya wa Kichina. Usizibandike hizi kwenye orodha ya kudumu. Nimeona kalenda za mkononi zikirudia "Mwaka Mpya wa Kichina, 5 Februari" mwaka baada ya mwaka kwa sababu mtu alinakili ya 2019 na kuiacha hapo.

Kwa Ujiji, la kuangaliwa zaidi ni kalenda ya Hijria. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo kila mwaka Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 hadi 12, na huchukua kama miaka 33 kuizunguka kalenda ya kawaida. Mwaka 2028 tarehe 5 Februari inatazamiwa kuwa ndani ya Ramadhani. Mwaka 2030 Idd el-Fitri inatazamiwa tarehe 4 au 5 Februari, mwandamo ndio utakaoamua. Anayepanga hafla ya mchana yenye chakula na azitazame hizo kabla ya kuchapa kadi.

Tena siku ya Kiislamu huanza Maghribi, na Maghribi ya Kigoma si ya Dar es Salaam. Mwanzoni mwa Februari jua huzama hapa yapata saa 1 na dakika 20 usiku, zaidi ya nusu saa baada ya Dar. Tangazo la redio ya taifa likisema "usiku huu ni tarehe fulani ya Rajabu", kwa dakika hizo sisi bado tuna mchana wa jana yake. Kwenye maandishi, njia salama ni kutaja usiku kwa siku mbili: usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Ukiandika "usiku wa Ijumaa" peke yake, nusu ya watu watakuja siku moja na nusu siku nyingine.

Saa za dunia nazo zina mchango wao kwenye makosa. Chombo cha Apollo 14 kilitua mwezini tarehe 5 Februari 1971, huku kwetu ikiwa saa 6 na dakika 18 mchana, na Marekani nako ilikuwa tarehe 5, kwa hiyo hakuna ubishi. Apollo 11 ni hadithi nyingine. Armstrong alipoukanyaga mwezi, Marekani ilikuwa bado usiku wa tarehe 20 Julai 1969. Huku kwetu ilikuwa inakaribia saa 12 alfajiri ya tarehe 21. Tarehe zote mbili ni sahihi, ila uandike ni ya wapi.

Kuhusu mambo ya kale zaidi, kumbuka kwamba kalenda yenyewe ilibadilishwa. Nchi za Kikatoliki zilianza kalenda ya Gregori mwaka 1582, Uingereza ikasubiri hadi 1752, Urusi hadi 1918. Urusi ilipobadilisha, siku iliyofuata 31 Januari ilihesabiwa 14 Februari. Maana yake mwaka 1918 Warusi hawakuwa na tarehe 5 Februari kabisa. Ukiona mtu amekuandikia tukio la Moscow la "5 Februari 1918", muulize ni kwa kalenda ipi.

Na wakati mwingine kosa halitoki kwenye kalenda bali kwa mwenye daftari. Hapo Ujiji, Stanley aliandika kwamba alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871, na hiyo ndiyo inayotajwa kila mahali. Ukifuata shajara ya Livingstone, Stanley alifika mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua homa njiani, na mgonjwa asiye na kalenda ukutani hupoteza siku bila kujua. Hapo uandishi wa haki ni "Novemba 10 kwa hesabu ya Stanley". Mwongoza watalii atanung'unika, lakini ndivyo.

Kuhakiki na kuandika

Njia ya haraka ya kupima tarehe ni siku ya wiki. Kwa Februari 5 kuna ujanja mtamu: kutoka 1 Januari hadi 5 Februari ni siku 35 kamili, yaani wiki 5, kwa hiyo siku hizo mbili ni siku moja ya wiki kila mwaka, mrefu au mfupi. Mwaka 1967 ulianza Jumapili, basi Azimio lilitangazwa Jumapili. Mwaka 1977 ulianza Jumamosi, basi CCM ilizaliwa Jumamosi. Mtu akikupa hadithi ya 5 Februari 1977 inayoanza na "Jumatatu moja asubuhi", una haki ya kutilia shaka yaliyobaki.

Gazeti la zamani ni shahidi mzuri, ila gazeti la asubuhi hueleza ya jana. Kichwa cha habari cha tarehe 6 ni tukio la tarehe 5, isipokuwa habari yenyewe iseme vingine, na kwa miji ya mbali na Dar habari ingeweza kuchelewa siku mbili tatu. Tarehe zilizoandikwa kwa tarakimu tupu ni hatari zaidi: 5/2/1915 kwetu ni Februari, kwa Mmarekani ni tarehe 2 Mei. Ukinakili, andika mwezi kwa herufi papo hapo, usisubiri.

Kwenye ubao, mistari 5 inatosha. Karatasi moja ya manila, kalamu nene, herufi zisizopungua sentimita 3 ili anayepita mita 5 asome bila kusogea. Kwa Kigoma ningeandika hivi:

5 FEBRUARI
1915: Meli ya Graf von Götzen, leo Liemba, yashushwa majini Kigoma.
1957: African Association na Shirazi Association zaungana Zanzibar, ASP yaundwa.
1967: Azimio la Arusha latangazwa.
1977: TANU na ASP zaungana, CCM yazaliwa.
1991: Warundi wapitisha kwa kura ya maoni Mkataba wa Umoja wa Kitaifa.

Ronaldo na Neymar wakae chini kwa rangi nyingine, pamoja na Carlos Tevez wa 1984 na Gheorghe Hagi wa 1965. Usiwadharau: ndio wanaowafanya wanafunzi wasimame mbele ya ubao. Siku za kibiashara, kama ile Siku ya Nutella ambayo nayo ni tarehe 5 Februari, iliyoanzishwa na mwanablogu mwaka 2007, mimi huziacha. Kwa redio, mistari hiyo 5 na maelezo mafupi huingia kwenye dakika mbili ukisoma bila kukimbia. Soma mwaka mwishoni mwa sentensi, si mwanzoni, kwa sababu msikilizaji aliyeko jikoni hukumbuka neno la mwisho.

Hesabu ya miaka nayo hukosewa. Toa tu: 2027 kutoa 1977 ni 50, basi CCM inatimiza miaka 50 mwaka 2027. Mkanganyiko unatoka kwa mahafali na makongamano, ambayo la kwanza hufanyika mwaka uleule wa kuanza, hivyo la 50 huja mwaka wa 49. Maadhimisho ya kuzaliwa hayaendi hivyo, la kwanza huja baada ya mwaka kutimia. Mwaka 2027 Azimio litatimiza miaka 60, ASP ingetimiza 70, Liemba itakuwa na miaka 112 tangu iguse maji, na kura ya Warundi miaka 36.

Tarehe 5 Februari 2027 itakuwa Ijumaa, kama ilivyokuwa 1915, siku chache kabla ya Ramadhani, inayotazamiwa kuanza karibu na tarehe 8. Hafla ianze asubuhi na imalizike kabla ya swala ya Ijumaa, au ihamie alasiri. Kwetu tarehe hiyo si siku ya mapumziko, ila Burundi ni mapumziko ya kitaifa, na Ijumaa ikifuatwa na Jumamosi na Jumapili, ofisi za serikali upande wa pili zitakaa kimya siku 3. Mwenye mzigo wa kwenda Bujumbura kupitia Manyovu, akishindwa kumaliza karatasi za upande wa pili Alhamisi tarehe 4, ahesabu kuzimaliza Jumatatu tarehe 8, na fedha za kumlipa dereva kwa siku hizo aziweke kando mapema.